Nimerudi kwenye kambi yetu ya Usambara baada ya miaka tisa, miti hakuna. Nani anajua kilichotokea?

#1 Mpanda_Usambara
Wakuu salaam. Mwenye kujua anisaidie maana tangu nirudi silali vizuri.

Sisi tulikuwa marafiki watano, tulianza kupanda kule 2007 tukiwa chuo. Kila Desemba tunashuka Mombo, tunapanda Soni, Lushoto, tunaendelea juu mpaka baridi inaanza kuuma masikio, halafu mguu kama saa mbili hivi mpaka kwenye kiwanja chetu. Jina la kijiji siliandiki, anayepajua atapajua. Palikuwa na nafasi ya mahema matatu, upande wa juu msitu wa asili, upande wa chini misindano na saiprasi za kupandwa, na hapo katikati mti mmoja mkubwa wa mkulo ambao ndo tulikuwa tunafungia turubai. Chini yake hatua kama arobaini kuna chemchemi inatoka kwenye jiwe, maji yake ukinywa meno yanakufa ganzi. Mara ya mwisho kwenda sote ilikuwa 2015, baada ya hapo ndoa, kazi, watoto, na 2021 mwenzetu mmoja akafariki, na yeye ndiye aliyetuonyesha pale mahali.

Mwezi uliopita nimempeleka mwanae, ana miaka 12, njia nzima namhadithia baba yake alivyokuwa anapiga mluzi kwenye ukungu ili tusipotezane. Tulipotokea kwenye kona nikadhani nimekosea njia. Kweupe wakuu. Kuanzia ukingoni mpaka kwenye kiwanja ni visiki na matawi makavu, nilikuwa naona mpaka paa za bati za bondeni, zamani pale ulikuwa huoni hata hatua hamsini. Kisiki cha mkulo kipo, kimekatwa usawa wa goti, nikalala chali juu yake, kichwa na mgongo vyote vikatosha, miguu tu ndo inaning'inia. Nikakwaruza kidogo na kisu, bado kinatoa ile harufu ya kafuri. Dogo akainama akanusa akaniambia anko hii ni harufu ya siku ile ya baba. Karafuu maiti wakuu. Sikuwa na la kumjibu.

Chemchemi imebaki tope na nyayo za ng'ombe. Nimeuliza wenyeji watatu, nimepata majibu matatu tofauti. Nani alikata, na ilikuwaje?

#2 Ngosha_wa_Tanga
Pole sana mkuu. Nakaa hapa nisubiri wenye taarifa.

#3 FusoLaMbao
Pole mkuu ila naomba niseme ukweli mapema kabla watu hawajaanza kulia. Mimi nimebeba mbao za huko miaka kumi na moja. Misindano na saiprasi ni mazao kama mahindi, zinapandwa zivunwe, zikifika miaka 25 mpaka 30 kitalu kizima kinalazwa chini kwa mpigo, halafu wanapanda upya. Hesabu mwenyewe, mlianza kwenda 2007 mkakuta ni miti mikubwa, 2015 bado ipo, sasa muda wake umefika. Ukienda baada ya miaka mitatu utakuta miche imefika kiunoni. Kwa anayepita ghafla inaonekana ni maangamizi, kumbe ni mavuno.

#4 BintiVugha
@FusoLaMbao nakubali kuhusu misindano, lakini mkulo hapandi mtu! Mkulo ni mti wa asili na unakua polepole mno, wa kulala mtu mzima juu ya kisiki chake huo alikuwepo babu wa babu yako. Huwezi kuuweka kwenye mavuno ya kitalu. Mleta uzi amesema ulikuwa kati ya msitu wa asili na shamba la miti, hapo ndipo watu huwa wanapitishia mambo yao, wakivuna kitalu halali chenso zinalia mchana kutwa, nani atajua kama moja imevuka mpaka?

#5 Shume_Baridi
Nakazia. Hiyo ya kuvuka mpaka nimeiona kwa macho yangu.

#6 KisikiKibichi
Mleta uzi nikuulize maswali ya kiufundi. Je uliona shimo la kupasulia mbao karibu? Kuna mabanzi, yale maganda ya pembeni ya gogo? Vumbi la mbao limekaa sehemu moja au limetapakaa? Na kisiki kimekatwa bapa au kina ngazi ngazi?

Kwa nini nauliza, kuna aina mbili za ukataji. Wale wa kupasua kwa mkono wanachimba shimo au wanajenga jukwaa, gogo linalala juu, mmoja juu mmoja chini, msumeno unapanda na kushuka, wanapasua hapo hapo wanabeba mbao kichwani usiku. Hao utakuta mabanzi na rundo la vumbi sehemu moja, gogo halisogei. Wale wa chenso na gari wanavuta gogo zima, hapo utaona mburuzo ardhini. Kingine, miti halali inagongwa nyundo, gogo na kisiki vyote vinatakiwa viwe na alama. Kagua picha zako.

#7 Mpanda_Usambara
@KisikiKibichi asante kwa maswali, haya sikuyajua. Kisiki cha mkulo kimekatwa bapa kabisa, upande mmoja tu kuna ngazi ndogo. Mabanzi yapo mengi upande wa chini kwenye misindano, mengine watu wamejengea uzio wa viazi. Kwenye mkulo sikuona banzi hata moja. Mburuzo sikuangalia, nyasi zimeota. Nyundo nitatazama kwenye picha nikifika nyumbani.

@FusoLaMbao nimekuelewa kuhusu misindano na sina ugomvi na mavuno.

#8 MamaViazi
Mimi naishi huko huko juu, sitasema wapi. Nasoma huu uzi naona mnaelekea kwa wananchi muda si mrefu, nimekuja mapema. Kitalu kikishavunwa sisi tunaruhusiwa kulima viazi, karoti na maharage katikati ya miche midogo, tunapalilia na miche inapona, miche ikifunga kivuli tunatoka. Hayo makubaliano ni ya siku nyingi. Huo uzio wa mabanzi uliouona inawezekana ni wa jirani yangu. Mabanzi yanaachwa na wavunaji, tunaokota, sasa yaoze?

Na kuhusu ng'ombe kwenye chemchemi, ni kweli na ni vibaya, wenyewe tunagombana kila kiangazi. Lakini mkulo mwanangu, mkulo hautolewi na mwanamke mwenye panga na kamba ya kuni. Ule unahitaji mashine, unahitaji gari, unahitaji mteja anayeusubiri mjini. Ulizeni milango na makabati ya mkulo yako kwenye nyumba za nani.

#9 Ngosha_wa_Tanga
Mama umeongea 👏🏾

#10 Jembe_la_Soni
Mimi naona tatizo ni mkaa tu. Dar yote inapikia mkaa, mnategemea msitu utabaki? Na hiyo misindano ni miti ya asili ya Usambara ipo tangu na tangu, inaisha kwa sababu ya mkaa.

#11 BwanaMiti_Mstaafu
@Jembe_la_Soni rekebisho mawili kwa heshima. Kwanza msindano si wa asili ya kwetu. Huu tunaopanda sana milimani asili yake ni Mexico, na saiprasi yake vilevile Mexico. Mgrivea, mikaratusi na miwati ni ya Australia. Miti ya asili ya mwinuko ule ni mkulo, podo, mwangati na jamaa zao. Pili, mkaa wa Dar kwa sehemu kubwa unatoka misitu ya miombo ya nyanda za chini, Handeni, Kilindi, Morogoro, Pwani huko. Juu kule kwenye ukungu shida ni kuni na mbao, mkaa ni kidogo. Kila msitu una adui yake.

Na mimi niongeze sababu ambayo hamjaigusa. Mwishoni mwa miaka ya 80 alikuja mdudu mdogo wa saiprasi, kidukari, aliingia Malawi 1986 akapanda mpaka Tanzania na Kenya. Nilikuwa kijana kazini. Saiprasi zinaanza kuwa kahawia kutoka ndani, kama nywele zilizoungua, mwisho mti unasimama umekufa. Tulikata hekta kwa hekta kuokoa mbao kabla hazijaoza. Ukiona saiprasi zimelazwa kabla ya umri, uliza pia kama zilikuwa zinaumwa.

#12 Jembe_la_Soni
Nimepokea mzee. Ya Mexico sikuijua kabisa, shule tulipanda tukaambiwa miti yetu.

#13 Chokochoko
Nyinyi wapiga kambi mlikuwa mnapikia nini miaka nane hiyo? Watu watano, Desemba, baridi ile, mlikuwa mnaota moto wa mwezi? 😂 Msije mkawa ndo mlianza wenyewe.

#14 Mpanda_Usambara
@Chokochoko ni swali la haki. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunakoka moto wa matawi yaliyoanguka, kuanzia 2011 tukaenda na jiko dogo la gesi kwa sababu marehemu alituambia hata tawi lililoanguka lina kazi yake pale chini. Siwezi kusema hatukuharibu kitu. Pale tulipokuwa tunakoka moto nyasi hazikuota mpaka leo, duara lake lipo, nimemwonyesha dogo.

#15 Chokochoko
Basi mkuu yaishe, nimekuchokoza tu. Jamaa yenu alikuwa na akili.

#16 Mtu_wa_Machame
Kwetu Kilimanjaro hadithi inafanana. Kuna ukanda wa msitu unaitwa nusu maili, ulitengwa 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia msitu wa juu. Bibi yangu alikuwa anakwenda, anarudi na mzigo na majani ya ng'ombe. 2005 msitu wa mlima ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa, masharti yakabadilika. Kuna wanaosema msitu umepona tangu hapo, kuna wanaosema watu walipoona si wao tena wakaacha kuulinda, wakawa wanaiba kimyakimya. Ndani ya ukoo wangu mwenyewe hatujakubaliana.

#17 MzeeWaMlalo
Wanangu, nimefundisha shule ya msingi miaka 34 huko milimani, naomba niwarudishe nyuma kidogo.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mjerumani alitega waya kutoka Shume mpaka chini Mkumbara kwenye reli, magogo ya mwangati yakawa yanashuka yananing'inia hewani juu ya korongo. Babu yangu aliwaona. Kwa hiyo kukatwa kwa mlima ule hakukuanza na hawa vijana wa chenso. Baadaye upande wa Usambara Mashariki, miaka ya 70 na 80, msitu wa asili ulivunwa kwa mashine kwa msaada wa Finland, kelele zikawa nyingi, na Wafini hao hao miaka ya 90 wakarudi kusaidia kuhifadhi. Hapa Lushoto Wajerumani nao walirudi na SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kuanzia miaka ya 80, matuta, majani ya kufungia udongo, migrivea mashambani. Nilipanda na wanafunzi wangu kwa mikono hii. Mlima wetu kila kizazi kinakata na kizazi hicho hicho kinapanda.

Wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili, kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua ikikosekana mtu hakuuliza tu mawingu yako wapi, aliuliza ni nani wanagombana huko juu mpaka nchi inabanwa. Mimi naona mnachotafuta ni jina la mwenye chenso, na mtalipata au hamtalipata. Wazee wangeuliza kijiji na wenye msitu waliacha lini kusikilizana.

#18 BintiVugha
Babu shikamoo. Hilo la kubana shi nilikuwa namsikia bibi analisema sikujua maana yake kamili.

#19 MzeeWaMlalo
Marahaba mjukuu wangu.

#20 WaKinangop
Habari zenu ndugu zetu, mimi ni Mkenya nimeletwa na huu uzi na jamaa. Sisi huku serikali ilipiga marufuku ukataji misituni Februari 2018, na 2023 mwezi wa saba Rais Ruto akaondoa marufuku, watu wakaenda mpaka kortini. Nyuma ya hapo kuna Wangari Maathai alipigwa Januari 1999 akienda kupanda mti kwenye msitu wa Karura, leo wana Nairobi wanakimbia asubuhi mle ndani. Nataka tu kusema marufuku peke yake haitoshi. Kuna mahali Aberdare nilikuwa napiga kambi na kanisa letu tukiwa vijana, wakati wa marufuku ndio paliisha kabisa, kwa sababu mkataji halali aliondoka na yule wa usiku akabaki peke yake msituni bila mtu wa kumwona.

#21 FusoLaMbao
@WaKinangop hapo umegusa penyewe. Kukiwa na kazi halali kuna macho mengi, madereva, wapishi, wabeba mbao, kila mtu anamjua mwenzake.

#22 BintiVugha
@FusoLaMbao na mimi nilisema #4 kinyume chake, kwamba kelele za halali ndo zinaficha za wizi. Hatuwezi kuwa sahihi wote wawili kaka.

#23 FusoLaMbao
Tunaweza dada, inategemea nani anahesabu magogo getini 🤝🏾

#24 Ughaibuni_Milimani
Mimi niko Ujerumani, karibu na milima ya Harz. Naandika kwa sababu ya jambo moja. Kuanzia 2018 kulikuwa na viangazi vikali huku, mdudu wa magome akashambulia misprusi, ukipanda mlima Brocken unaona miti imesimama imekufa kama mifupa, maeneo makubwa yamekatwa. Nilipopaona mara ya kwanza nikasema wamekata hawa. Kumbe mingi ilishakufa kabla ya msumeno. Na kilichosaidia wadudu ni kwamba miti ilikuwa ya aina moja imepangwa mstari. Kwa hiyo naunga mkono BwanaMiti #11, msikimbilie mwizi kabla ya kuuliza ugonjwa.

#25 KisikiKibichi
Sawa lakini mkulo hauliwi na kidukari cha saiprasi ndugu zangu. Tunazunguka.

#26 Upepo_wa_Mambo
Kuna kitu kinaitwa upepo hamjakitaja. Ukivuna kitalu upande wa chini, mti uliokuwa katikati umezoea kukingwa unabaki peke yake ukingoni. Kule juu upepo wa Julai ukivuma unang'oa bati. Kwetu podo mkubwa ulianguka usiku mmoja baada ya kitalu cha jirani kuvunwa, wenyewe ukaenda chini na mizizi. Mti ukishaanguka watu wanaukata, hilo ni jambo la kawaida. Mkulo wenu unaweza kuwa ulianguka kwanza.

#27 Mpanda_Usambara
@Upepo_wa_Mambo asante lakini kisiki kimesimama wima, mizizi iko ardhini haijang'oka. Labda uwe ulikatikia juu ndipo wakaja kuusawazisha chini, hilo siwezi kulikataa.

#28 Dada_wa_Amani
Samahani napita tu na kuhusu chemchemi. Mimi nimekulia Amani upande wa Muheza, hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, 1997. Kule kwetu mto Zigi ndio Tanga mjini wanakunywa. Msitu wa mlimani una kazi ambayo watu hawaioni, ukungu ukipita unashikwa na majani na yale mafungu ya kuvumwani na kangaga, unageuka matone, unadondoka chini hata siku ambayo mvua haijanyesha. Simama chini ya mti mkubwa asubuhi ya ukungu utalowa, toka hatua kumi kwenye uwazi uko mkavu. Mkulo ulikuwa unamwagilia hiyo chemchemi. Ukiondoa mti, ukungu unapita bila kuacha kitu.

#29 Jembe_la_Soni
Hii sijawahi kuifikiria kabisa, nilijua mizizi tu ndo inashika maji.

#30 BwanaMiti_Mstaafu
@Dada_wa_Amani maelezo mazuri, ila tusiutwishe mkulo mmoja chemchemi nzima. Angalia na juu yake, kama kuna mikaratusi imepandwa karibu na chanzo nayo inakunywa sana. Na ng'ombe wakikanyaga mdomo wa chemchemi kila siku maji yanaziba, yanatafuta njia nyingine chini. Nimeona chemchemi iliyodhaniwa imekufa ikarudi baada ya kuzungushiwa miiba misimu miwili.

#31 MamaViazi
Mikaratusi ipo. Juu kidogo ya njia, ilipandwa na shule. Sikutaka kusema ila ipo.

#32 Shume_Baridi
Kumbe mama unapajua hapo hapo 👀

#33 MamaViazi
Nimesema naishi juu. Sasa unataka ramani?

#34 Kinyonga_Pembe
Nje ya mada kidogo, kuna mtu amewaona wale vinyonga wenye pembe mbili puani huko karibuni? Nilipokuwa mdogo ukienda kuchuma plamu lazima umkute mmoja. Sasa naona watoto wanawauza kwa watalii wawapige picha.

#35 Ngosha_wa_Tanga
Plamu za Lushoto Januari 😋 umenikumbusha stendi ya Mombo, ndoo ndogo unaila yote kabla hujafika Segera.

#36 Mtu_wa_Machame
Plamu za Lushoto tamu ila msifike mkasema zinashinda parachichi za Machame, tutagombana.

#37 Mpanda_Usambara
@Kinyonga_Pembe dogo alimwona mmoja, kwenye banzi la uzio wa viazi. Alikaa naye karibu nusu saa, mimi nimekaa kwenye kisiki nawaangalia. Alikuwa anatembea ile ya kwenda mbele na kurudi nyuma, hajui ashike nini.

#38 Mwl_wa_Jiko
Kwenye kuni niseme. Shule yetu ya bweni tulikuwa tunachoma lori la kuni kila baada ya wiki chache, kuni zinatoka mlimani hatukuwa tunauliza wapi. Ilipotoka amri taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, tulihangaika mno, mpishi wetu alikuwa analia na jiko jipya. Sasa tunatumia gesi. Na mkakati wa taifa unasema 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Nyumbani kwangu lakini maharage bado napikia kuni, siwadanganyi, gesi ya kuchemsha maharage ni mshahara.

#39 MamaViazi
Asante mwalimu kwa kusema hilo la maharage.

#40 Mpanda_Usambara
Wakuu mrejesho. Nimekaa na picha zote usiku wa jana, nikazikuza moja moja.

Visiki vya misindano upande wa chini, kati ya kumi na nne vinavyoonekana vizuri, tisa vina alama kama ya muhuri uliogongwa, imeiva rangi ya kutu. Kwa hiyo FusoLaMbao alikuwa sahihi, kitalu kilivunwa kwa utaratibu. Saiprasi mbili zilizobaki zimesimama zina ile rangi ya kahawia ndani aliyoisema BwanaMiti. Kisiki cha mkulo sikuona alama yoyote, lakini nilikipiga kutoka upande mmoja tu, upande wa chemchemi sina picha. Kuna kitu kingine, kwenye picha ya dogo amesimama, nyuma yake nyasi zimelala kama mstari mpana kuelekea kwenye njia ya gari. Inaweza kuwa mburuzo, inaweza kuwa njia ya ng'ombe.

Nimepiga simu kwenye ofisi moja ya kule, sitaitaja, nikaambiwa eneo hilo halina tatizo lolote. Nikapiga tena wiki iliyofuata, mtu mwingine akaniambia kulikuwa na tukio na watu walikamatwa. Wa tatu akaniuliza mimi ni mwandishi wa habari.

#41 KisikiKibichi
Kisiki bila alama upande mmoja si ushahidi bado mkuu. Alama hugongwa popote, na baada ya mvua za miaka miwili mitatu inafifia kwenye mti laini. Mkulo ni mgumu ingebaki. Inabidi mtu azunguke kisiki chote.

#42 BintiVugha
Tisa kati ya kumi na nne. Hiyo mitano isiyo na alama mbona hamuizungumzii?

#43 FusoLaMbao
Hapo dada umenibana. Mingine alama inaweza kuwa upande wa pili. Mingine... sijui.

#44 Upepo_wa_Mambo
Mimi bado nasimama na upepo.

#45 BwanaMiti_Mstaafu
Mleta uzi, hujaulizwa swali moja muhimu. Kuzunguka kisiki cha mkulo uliona machipukizi? Mkulo tofauti na msindano. Msindano ukikatwa umekufa. Mkulo mizizi yake hutoa watoto, wakati mwingine mbali na kisiki hatua tano sita. Jani lake juu kijani, chini lina weupe weupe, ukilivunja linanukia. Kama ng'ombe hawajala utayaona.

#46 Mpanda_Usambara
Mzee umenisimamisha. Nimerudi kwenye picha. Ya tatu, naiweka hapa, kushoto, karibu na lile duara la moto wetu, kuna vimti viwili vimefika magotini mwa dogo. Nilidhani ni magugu. Majani upande wa chini yanaonekana meupe ila inaweza kuwa jua.

#47 Kinyonga_Pembe
Mimi nimeiangalia hiyo picha naona kama ni miwati michanga.

#48 Dada_wa_Amani
Sio miwati, mwati una majani madogo madogo kama unyoya. Hilo ni jani pana.

#49 MamaViazi
Nitapita Jumamosi nikitoka gulioni. Nitavunja jani moja ninuse, nitazunguka na hicho kisiki niangalie alama upande wa chemchemi. Simu yangu picha hazitoki vizuri lakini nitajaribu. Na nitazungushia miiba, mbuzi wa jirani hawana adabu.

#50 Mpanda_Usambara
Mama Mungu akubariki. Nimemwambia dogo, ameuliza anko tunarudi lini. Nafikiria Pasaka.

#51 Shume_Baridi
Pasaka usithubutu, masika yatakuwa yamekolea, barabara ya Soni mawe yanadondoka. Nenda Juni mvua zikikata.

#52 Mpanda_Usambara
Juni baridi ya kule si mchezo kwa mtoto.

#53 MamaViazi
Mvalishe sweta mbili, mlale kwangu usiku wa kwanza. Kuna kuni.